Kikamuahuzuni cha Magitani

Kikamuahuzuni kilikuwa kikimkamua mzee mmoja mchana kweupe, mbele ya umati, na wimbo ulitoka kabla chozi halijafika kidevuni. Roboti watatu wenye kofia pana waliudaka kwa magita, watu wakaanza kucheza. Mzee akashuka kitini anatabasamu, mwepesi kama aliyetua gunia la viazi.

Mashine hiyo ndiyo iliyoupa mji wa Magitani, kule juu Nyandarua, sifa ya muziki wa kantri dunia nzima. Kantri bila machozi ni chai bila majani, na machozi ya kweli, ambayo roboti hawana, yalitoka kwa wageni. Treni za sumaku ziliwamwaga kila Jumamosi. Wanjeri naye alikuja na binti yake Nyaguthii, wa miaka tisa, walale siku moja warudi. Mama yake Wanjeri alizikwa zamani, lakini uchungu wake ulikataa kuzikwa.

"Mama, si tucheze tu," Nyaguthii alisema. "Hicho kiti kinanuka kama kwa daktari wa meno."

"Ngoja, maitu. Nikishuka hapo nitacheza nikushinde."

Maitu ni mama. Alimwita hivyo tangu alipomzaa, maana mtoto alipewa jina la bibi yake huyo marehemu kama desturi inavyotaka, na kwa Wanjeri bibi alikuwa amerudi nyumbani.

Fundi, kijana mpole mgeni wa nchi hiyo, alimbandika nyuzi kichwani. Akamweleza kwamba mashine hutafuta kila mshipa unaotetemeka marehemu akitajwa, kisha huukamua mpaka tone la mwisho.

"Kwa hiyo lazima niulize. Kuna yeyote aliye hai anayekukumbusha marehemu?"

"Hakuna."

Wala hakudanganya. Kitu cha kukumbusha ni picha, ni leso. Nyaguthii hakuwa ukumbusho wa bibi. Alikuwa bibi mwenyewe.

Wimbo ulitoka kwa sauti ya Wanjeri, mtamu wa kuumiza. Uliimba mikono inayonukia maziwa, ukaimba kisogo kidogo kilicholala kifuani mvua ikinyesha. Maitu, maitu, uliita. Watu wakalia huku wanacheza.

Aliposhuka, mtoto alimrukia kiunoni. "Mama, umeniimba! Kile kisogo ni changu."

"Taratibu, unanikunja nguo."

Nyaguthii alicheka, kisha akaacha. "Niite maitu."

"Wewe ni Nyaguthii. Nilikuzaa mwezi wa nne, mvua ilikuwa kubwa. Sijasahau kitu."

Alisema kama anayesoma kitambulisho. Alijipapasa moyoni, akakuta pamefagiliwa. Hata kuumia hakuumia.

"Mrudishie," mtoto akamwambia fundi.

Fundi alitazama viatu vyake. "Maziwa yakishaingia kwenye chai, mdogo wangu, hayarudi kwa ng'ombe."

Jumapili mji mzima ulikuwa ukicheza wimbo ule. Uwanjani, Nyaguthii alikumbatia nguzo ya kipaza sauti kilichokuwa kikiita maitu, maitu, shavu limegandamana na chuma. Wanjeri alisimama pembeni na mabegi.

"Treni itatuacha," alisema kwa adabu, kama anayemsemesha mtoto wa jirani.

"Wewe nenda," Nyaguthii akamjibu bila kufumbua macho. "Mimi niko na mama."