Harufu ya Mafuta ya Taa Kwenye Ovaroli

Ndugu zangu, sikilizeni yaliyompata mpimaji mmoja wa makaa ya mawe, mtu mwema tu, ila uvivu ulikuwa umemzoea.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyumba imetulia. Mpimaji amejinyoosha kwenye kochi, miguu juu ya stuli, mkewe yuko uani anafua. Mara mama watoto akaingia na ovaroli mkononi, povu linadondoka sakafuni.

"Baba watoto, siku hizi unashika mafuta ya taa?"

"Mafuta ya taa ya nini? Si tuna umeme."

"Haya, nusa."

Akanusa. Akasema ni sabuni, akageukia ukutani. Lakini usingizi ulikuwa umeshamruka.

Niwaeleze kazi yake. Nchi yao ilizoea kuagiza mafuta ya kuzalishia umeme kutoka nje. Mwaka juzi meli hazikuja, mji ukakaa gizani wiki tano, na friji za dawa hospitalini zikageuka makabati. Ndipo mgodi wao wenyewe ukafunguliwa, na lundo kubwa la makaa likawekwa kando ya mtambo wa umeme kuwa akiba ya siku za dhiki. Sasa makaa yakilundikwa hujipasha joto ndani kwa ndani, yakiachwa yanawaka yenyewe. Kazi ya mpimaji ilikuwa kuchomeka nondo ndefu ya chuma kila asubuhi ya kazi sehemu kumi na mbili za lundo, kuichomoa, kuishika asikie joto lake na kuandika. Jamani, kuna kazi nyepesi kuliko hiyo? Naye aliandika akiwa kibandani, kikombe cha chai mkononi. Wiki tatu nzima nondo haikutoka kwenye kona yake.

Mkewe hakubanduka pale. "Marehemu baba alichimba makaa miaka ishirini. Alituambia yakianza kuungua ndani hunuka hivi, hata kabla moshi haujaonekana. Jana ulipima?"

Mpimaji akaruka kutoka kwenye kochi. Akavaa viatu bila soksi.

Wakaenda wote wawili hadi kwenye lundo. Mahali pa kwanza, nondo ilitoka baridi. Pa pili, baridi. Upande wa nyuma ilimuunguza kiganja, akaitupa na kukimbia kumwita dereva wa tingatinga. Makaa yaliyokuwa yakiungua yakachimbuliwa na kutandazwa chini yapoe. Kufikia alasiri sehemu ya akiba ilikuwa imeharibika, lakini iliyo kubwa ilipona.

Meneja alifika jasho likimtiririka, akampa mkono. "Mpimaji, kipimo chako kimetuokoa. Nitakuandikia barua ya pongezi."

Hapo angeweza kunyamaza tu. Nani angejua? Akamtazama mkewe, uso umejaa vumbi jeusi, amechoka hoi.

"Bosi, kipimo hakikuwepo. Wiki tatu nimeandika uongo. Aliyetuokoa ni huyu mke wangu, kwa pua yake."

 Barua ya pongezi meneja aliiandika kweli, ila kwa mama yule. Mpimaji alivuliwa cheo akapewa koleo, naye alilipokea kwa mikono miwili, akishukuru kwa moyo wote kwamba mji wake bado una umeme.

FUNZO

Tushukuru kwa mali iliyo chini ya ardhi yetu, imetutoa kwenye kungojea meli za watu. Lakini shukrani ya mdomoni haitoshi. Ukikabidhiwa akiba ya wote, ilinde kwa mikono yako, usiilinde kwa kalamu. Na aliyekuonya kabla hujaangamiza wengi, mshukuru mbele za watu, hata kama kwa kufanya hivyo utaaibika.