Mbabula ya Nyumba ya Mlimani

Hadi leo Consolate hajaweza kueleza jinsi mbabula ile, jiko la makaa, ilivyopita mlango uliofungwa, funguo zote mbili zikiwa mfukoni mwake.

Nyumba ilikuwa ya kupangisha wageni, juu Lemera, mali ya Basile wa Uvira. Consolate aliitunza. Alimsomea kila mgeni karatasi iliyobandikwa ukutani: mbabula ya makaa ibaki barazani, dirisha moja lisifungwe kamwe, anayeumwa kichwa atoke nje upesi. Mwenyewe aliongeza kwamba moshi unaonekana, lakini sumu ya makaa haionekani.

Wiki hiyo alikuja Mwavita, muuza vitenge wa Uvira, na mkwewe Jolie, aliyetoka hospitali na mtoto wa siku tisa. Walitaka kupumzika kabla ya kuteremka.

Asubuhi ya pili Consolate aliikuta mbabula kando ya kitanda cha Jolie, inawaka, dirisha limefungwa. Jolie alikuwa ametapika. Mtoto alichelewa kulia.

"Mama Mwavita, karatasi nilikusomea."

"Ulinisomea. Minye siko kiziwi."

"Najua kwenu mzazi anawekewa moto."

"Anawekewa. Lakini huyu ni mutoto wa mwanangu. Nimuue?" Mwavita akamtazama. "Ufunguo ya pili, ni weye uko nayo."

Consolate hakumwona kuwa mtu mbaya. Alimwona mwanamke wa ziwani asiyezoea baridi. Hata hivyo alianza kufuatilia hatua zake. Mwavita naye akaanza kuonja uji wa mkwewe kabla haujamfikia.

Alasiri ukungu ulishuka mpaka barazani. Jolie na mtoto walikuwa wamelala. Consolate aliacha dirisha wazi, akafunga mlango, akachukua funguo zote mbili.

"Tukae hapa barazani, mbabula katikati yetu. Tutajua mwongo ni nani."

"Nikiwa minye, nitakupikia sombe mwezi muzima."

"Hiyo sombe yako, majani ya muhogo yasiyo na chumvi?"

Walikaribia kucheka. Ndipo ikaja harufu ya nywele zilizoungua, dirisha likalia, wote wawili wakageuza macho huko, na walipoyarudisha hapakuwa na mbabula, ila duara la joto kwenye saruji, na ndani, ambako palikuwa na mzazi na kichanga tu, mtu mzee alikohoa, akasema kwa meno yanayogongana, kwa upole kama mwenyeji mwema: "Sogeeni, tuote."

Consolate alikosa tundu la ufunguo mara mbili. Mbabula ilikuwa kando ya kitanda tena, na Jolie alikuwa amelegea, macho nusu wazi. Mwavita alimnyakua mtoto akakimbia naye ukunguni, akimpulizia usoni, mpaka mtoto akapiga chafya, kisha akalia. Consolate alimburuta Jolie nje, naye akavuta pumzi kwa nguvu. Nyuma yao dirisha lilijifunga taratibu, kama kwa mkono unaoogopa kuamsha wageni.

Mwavita alisoma dua. Consolate alifanya ishara ya msalaba. Kikohozi kiliendelea.

"Hili jini haliko na hasira," Mwavita alinong'ona. "Linasikia baridi tu. Linataka wenzake."

Kwa simu, Basile aliuliza kama aongeze mstari kwenye karatasi.

"Hapana, patron," Consolate alijibu. "Karatasi wanasomewa wenye kuisikia, si jini."

Yeye na Basile wakaafikiana: hakuna mgeni atakayelala humo tena, na nyumba isibaki na kitu cha kufungia hewa. Kabla ya giza, Consolate mwenyewe alichukua nyundo, akang'oa mlango na madirisha yote, huku Mwavita akiwa amesimama njiani, sikio lake karibu na pua ya mtoto, akisikiliza pumzi.