Kipuri Hakikai Bure

Constantin na mke wake Lydie wanakaa Makomeno, mjini Lubumbashi. Kazi yao ni kuchimba visima virefu, vile tunavyoviita foraji. Kila asubuhi Lydie anapima mafuta ya mashini na Constantin anakaza nati. Kisha wanapanda lori. Mashini yao ni ya zamani, lakini udongo inaujua.

Mwezi wa nane walipata kazi kwenye kituo kidogo cha afya, njia ya Kipushi. Hapo akina mama walikuwa wanazaa kwa maji ya kisima kifupi. Mvua ikianza, maji hayo yanageuka rangi na watoto wanaharisha. Muuguzi, Mama Syntiche, aliwaambia wazi kwamba maji safi lazima yatoke kabla ya mvua.

Siku ya tatu, kwenye mita thelathini na nane, mkanda wa pampu ulikatika. Pampu hiyo inasukuma matope yapande na kutoa udongo shimoni. Ikisimama, udongo unarudi chini na kubana vyuma vya kutobolea.

Constantin alikimbilia sanduku la vipuri. Mkanda wa akiba haukuwamo. Hapo akakumbuka. Wiki mbili kabla, binamu yake Gérard alikuja kuuomba kwa ajili ya kinu chake cha mahindi. Alisema unalala tu sandukuni. Constantin akampa. Nani anamnyima ndugu kitu kilicholala? Alimpigia simu Gérard; mkanda ule ulikuwa umeshakatika kinuni.

Walijaribu kuvuta vyuma. Vilipanda mita mbili, vikakwama. Mjini hapakuwa na mkanda wa kipimo kile. Ulitoka Zambia, ukafika baada ya siku nne. Shimo lilikuwa limebomoka, na vyuma vimebaki chini.

Jirani yao, Mama Mwelwa, alikuja kuwapa pole. Huyu alifanya kazi miaka ishirini katika magazini, yaani ghala ya mgodi, akitunza vipuri. Alisikiliza habari yote, akaomba aonyeshwe sanduku. Alilipekua mpaka chini.

"Bantu banasema mugodi yetu ilikufa juu ya shaba kuisha," alisema. "Shaba haikuisha. Mi nilikuwa mu magazini, nilikuwa naona. Chef, mukubwa wa kazi, anakuya na kakaratasi: piesi hii iko inalala, munipatie. Kesho anakuya mwingine. Balikula magazini, kisha mashini zikasimama, kisha baba zetu bakarudishwa ku nyumba mikono mitupu. Sasa na siye tunafanya vile vile, tunaita upendo."

Constantin alijitetea kwamba yeye hakuiba kitu.

"Hukuiba, baba. Lakini mashini haijue kama uliiba ao ulitoa. Inasimama tu vile vile."

Lydie akauliza wafanye nini.

"Kwanza mujue hii: piesi ya akiba haikai bule. Iko mu kazi. Iko inalinda shimo."

Akawafundisha kujiuliza kuhusu kila kipuri: kikivunjika, kazi yote inasimama? Na je, mjini kinapatikana siku ile ile? Kinachosimamisha kazi na kuchelewa kufika ndicho cha kununua kwanza. Mikanda, joint za pampu zinazozuia uvujaji, mipira ya kupitishia mafuta, filta: viwe viwili viwili, vimeandikwa namba, mbali na jua. Siku kimoja kinapotoka, siku hiyo hiyo kingine kinatafutwa. Na vyote vifungiwe kabatini, ufunguo ushikwe na mtu mmoja.

Viti vipya vya sebuleni walivyotaka kununua vikangoja. Vipuri vikatangulia, vikafungiwa kwenye kabati la lori, na ufunguo akaushika Lydie. Mama Syntiche akakubali wachimbe shimo la pili kwa vyuma vya kuazima, hatua kumi kutoka la kwanza. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Siku ya pili ya kazi, Gérard akatokea pale pale penye mashini. Kinu chake kimesimama tena, anataka mkanda. Constantin alimtazama mke wake.

"Mukanda iko, shemeji," Lydie alisema. "Lakini haiko ya kutoa."

Gérard akacheka. "Constantin, sasa muke ndo chef?"

"Mi ni chef ya kabati. Yee ni chef ya shimo. Lete namba ya mukanda yako, nikuonyeshe duka yenye kuagiza ku Zambia. Na ununue mbili."

Gérard alinuna. Kisha akatoa simu na kuonyesha namba.

Kwenye mita arobaini na nne, pampu ikaanza kutema matope pembeni: joint imechakaa. Safari hii Constantin hakukimbia. Aliinua vyuma kwanza visibanwe. Lydie akafungua kabati, akampa joint. Haikupita saa moja, wakawa wanachimba tena. Kwenye mita hamsini na tatu walifika penye maji, na siku mbili baadaye, baada ya shimo kusafishwa, yakatoka safi. Mvua ya kwanza ilikuwa bado haijanyesha.

Mama Syntiche alijaza ndoo ya chumba cha kuzalia, akamwita Constantin aje apigwe picha. Constantin alikuwa ameshapanda pikipiki.

"Picha kisha, mama," alisema. "Naenda ku duka. Joint imebakia moja."