Mlio wa Pikipiki ya Donat

Jumapili moja ya Oktoba 1961, saa nane mchana, mlinzi Mulenga alikutwa kifudifudi mbele ya zahanati ya Katuba, damu ikimtoka kisogoni. Alikuwa hai. Mlango ulikuwa wazi, kufuli halikuvunjwa, na sanduku la mwisho la penisilini halikuwepo.

Inspekta Constantin Kalaba alipofika, watu walikuwa wameshajipatia mwizi: Donat, fundi wa pikipiki, mtu wa Kasai. Katika Élisabethville ya siku zile, ambako watu wa Kasai waliwindwa kama maadui wa jimbo, kuwa mmoja wao kulitosha. Wizi ulikuwa nyongeza tu. Constantin alimfungia katika chumba cha sindano na kuweka polisi wawili getini. Nje fimbo zilikuwa zikiongezeka. Giza likiingia, polisi wawili wasingetosha.

Alianza na Mama Virginie, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Uliona nini, mama?"

"Kuona? Siyaone kintu, papa. Nilisikia moto, pikipiki ya Donat, ile ya kulia sana. Kufika ku mulango, pa! pa! pa! Masasi! Nikalala chini ya kitanda na batoto."

"Na majirani?"

"Bote chini ya bitanda. Tangu vita ya septembre, nani atatoka kuchungulia masasi?"

Lakini Mulenga hakuwa na jeraha la risasi, wala hapakuwa na ganda hata moja uani. Constantin alimwita Désiré, karani mtanashati aliyekuwa na ufunguo wa pili. Wa kwanza ulikuwa kwa mtawa aliyesimamia zahanati, naye alikuwa kanisani kwa ibada ya mchana.

"Donat njo alitengeneza serrure ya mulango juma ilipita," alisema Désiré. "Alijifanyia funguo yake. Shiye bantu ya Kambove, benye inchi, hatuibake, Inspecteur."

Pikipiki ya Désiré ilikuwa imeegeshwa ukutani, ya aina moja na ya Donat. Ilikuwa imejaa vumbi, ila skrubu moja kwenye mdomo wa ekzosi iling'aa kwa mikwaruzo mipya. Constantin aliitazama, akaingia kwa Donat.

"Moto yako inapigaka kama masasi?"

"Hata, chef! Nilitosha chicane, lakini nikaongeza mafuta, essence, ku carburateur. Ukitosha chicane bila kugusa carburateur, moteur inabaki na njala. Ku mulima inachoka, na ukipunguza gaz inapasuka-pasuka."

Chicane ni kile kibomba chenye matundu kinachochomekwa ndani ya ekzosi kumeza kelele; Donat alikuwa amekitoa kwenye yake. Constantin aliamua kuzipima pikipiki zote mbili hapo hapo, umati ukisikiliza.

Alimweka Mama Virginie nyuma ya ukuta, akamtuma polisi mmoja aziendeshe barabarani, moja baada ya nyingine. Pikipiki ya Donat ilinguruma hadi masikio yakauma, ikapanda kilima kwa nguvu, ikarudi na kupunguza mwendo bila kupasuka hata mara moja. Ilipotiwa chicane yake ya zamani ilinyamaza, lakini ilipanda kwa shida ikitema moshi mweusi. Ya Désiré, na chicane yake, ilikwenda kimya na kwa wepesi. Ndipo Constantin akachukua bisibisi na kuitoa chicane hiyo.

"Ile iko moto yangu!" Désiré alilalamika.

"Tutakurudishia."

Safari hii ilinguruma, ikakohoa kilimani, ikateremka. Polisi alipoachia gesi getini: pa! pa! pa!

Umati wote ulilala chini, fimbo na wenye fimbo. Constantin mwenyewe, ingawa alijua, alijikuta amechuchumaa.

"Ile njo ilikuya!" alipiga kelele Mama Virginie.

Katika ua mzima alibaki mmoja tu amesimama wima. Constantin alimshika Désiré mkono, akamwingiza haraka chumba cha sindano na kufunga mlango.

"Bote balilala. Juu ya nini weye haukulala?"

Désiré aliketi.

"Dawa iko mu camp ya bakimbizi ba Kasai. Mama yangu, jina yake Mujinga, kifua inamumaliza."

"Si ulisema uko muntu ya Kambove?"

"Kambove nilizaliwa. Mama iko wa Kasai. Kama ningemuombea dawa, bangenijua." Alimtazama Donat, akainamisha kichwa. "Weye, bote banakujua. Nilitosha chicane ili basikie moto yako. Nilisema, ule amesha kupotea."

Constantin alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi, maana Mulenga alikuwa bado hajaweza kukaa. Alimfunga pingu.

Uani, polisi aliinama ili aitoe ile chicane na kumrudishia Donat pikipiki yake kama ilivyokuwa.

"Achia," alisema Donat.

"Lakini moto itachoka."

"Ichoke."

Alipita katikati ya watu waliokuwa bado wakijipangusa vumbi, akatoka getini taratibu, pikipiki kimya, moshi mweusi nyuma yake. Katuba nzima, hakuna aliyegeuza kichwa.