Sauti Nyuma ya Pazia

Mwisho wa mwezi duka la viatu hujaa mpaka watu wanagombea viti vya kujaribia. Msusi alikuwa amepata kimoja karibu na kioo. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na mkono wa kulia alitia glavu nyeusi, joto lote lile. Sandali alizozipenda zilikuwa na kifungo kidogo, naye alihangaika nacho kwa mkono mmoja hadi jasho likamtoka puani.

"Kiatu hiki kina kiburi," alisema mwanamume aliyevaa shati la buluu, akachuchumaa mbele yake. "Naruhusiwa kukitia adabu?"

"Ukikifunga, usidhani umepata namba ya simu."

"Namba sijaiomba. Umeitaja mwenyewe."

Msusi akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Kufika jioni namba ilikuwa imeshatoka.

Simu zikaanza, asubuhi na mchana.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe leo umemfungia nani viatu?"

"Siku hizi nina mteja mmoja tu, na ana wivu."

Msusi alimpenda mpaka akaanza kuogopa. Kitu kimoja kilimkosesha raha: wanaume wote humwuliza kuhusu ile glavu kabla hata ya kumwuliza jina. Huyu miezi ilipita, hajauliza.

"Shati la Buluu hakuulizi kwa sababu anajua," alisema dada yake mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa kupindisha maneno. "Kwani anafanya kazi gani?"

"Anasema kazi ya zamu."

"Hata wezi wana zamu, mdogo wangu."

Msusi alikuwa na sababu ya kujihadhari na watu. Mwaka uliotangulia aliteleza saluni kwake akavunjika kifundo cha mkono. Hospitali wakamfunga plasta ngumu, wakamlaza. Jumapili vidole vikavimba, vikawa vyeusi. Alilia nyuma ya pazia la wodi, macho ameyafumba, mpaka sauti ikakauka. Plasta ilikuja kukatwa Jumatatu, vidole vimeshakufa ganzi. Sasa vilikuwa vigumu kama vijiti, na yeye aliyekuwa akisifiwa kwa kusuka anasimama nyuma ya wasichana wake akifundisha kwa mdomo.

Mama wakili aliyemwendea alimweleza njia za kudai haki yake. Angeweza kupeleka malalamiko kwenye baraza la madaktari. Wangemwadhibu daktari, lakini yeye asingepata fidia. Angeweza kukaa mezani na hospitali mbele ya msuluhishi, ila hospitali ilishakataa, ikidai mgonjwa alikuwa kimya Jumapili nzima. Ikabaki mahakama.

"Tunamhitaji mtu aliyekusikia ukilalamika," alisema mama wakili. "Bila huyo, tunakwenda na maneno yako matupu."

Jumamosi moja wapenzi walipanga kutoka, na Shati la Buluu akachelewa. Msusi akampigia.

"Uko wapi, bwana wewe? Nimevaa mpaka nguo zimechoka."

"Vumilia kidogo, dada," alimtania. "Mtu wako yuko njiani."

Msusi akashusha simu. Vumilia kidogo, dada, daktari yuko njiani. Maneno hayo aliyasikia Jumapili ile, nyuma ya pazia, kwa sauti hiyohiyo.

Shati la Buluu alipofika alimkuta Msusi amesimama mlangoni, hana hata mkoba.

"Wewe ni nesi."

Shati la Buluu akaitikia kwa kichwa.

"Hospitali imekutuma kwangu?"

"Hakuna aliyenituma. Nilikuona dukani nikakukumbuka. Nilikuja kukuomba radhi, nikajikuta nafunga kiatu. Kila siku nasema nitamwambia kesho."

"Na daktari, alikuwa njiani kweli?"

"Hapana. Nilimpigia mara mbili. Alisema nikupe dawa ya maumivu, nisimsumbue. Nikakudanganya ili unyamaze."

"Kayaseme hayo mbele ya jaji."

Mwanamume akatazama chini. Msusi akafunga mlango, akalia kwa uchungu na kwa hasira, kwa sababu alikuwa bado anampenda.

Jumatatu Shati la Buluu alikwenda mwenyewe kwa mama wakili, akaeleza yote. Akaambiwa asimpigie Msusi wala asimwone mpaka kesi iishe, maana wapinzani wangesema wamepanga maneno. Msusi naye akapewa amri hiyohiyo. Lakini amri haitulizi moyo. Simu ikanyamaza, shaka ikanenepa.

"Nimemwona anashuka kwenye gari la mkurugenzi wa hospitali," dada yake alileta habari. "Anacheka."

"Basi wameshamnunua. Atasema sikulia."

Siku ya ushahidi Shati la Buluu alipanda kizimbani, akala kiapo. Alisema mgonjwa alilia. Alisema alimpigia daktari mara mbili. Alisema mkurugenzi alimpakia kwenye gari lake akamwahidi cheo ili asahau, naye akacheka kwa hofu tu. Msusi akaanza kupumua.

Wakili wa hospitali akainuka taratibu.

"Shahidi, una uhusiano gani na mdai?"

Mama wakili akafumba macho. Msusi alijua jibu la kuokoa kesi. Neno moja tu, hapana, na nani angebisha?

"Nampenda," alisema Shati la Buluu.

"Kwa hiyo unaweza kusema lolote ili kumsaidia."

"Ambalo lingemsaidia ni kusema simpendi. Nimeapa, ndiyo maana sikulisema."

Jaji aliacha kuandika, akamtazama.

Hukumu ilichukua muda. Ilipokuja, jaji alisema amemwamini shahidi aliyekubali kusema hata lililomuumiza, na kwamba hospitali ilizembea na itamlipa mgonjwa. Dada yake alimkumbatia mama wakili mpaka miwani ikaanguka. Msusi hakusherehekea, maana vidole vilikuwa vilevile. Akatoka nje.

Shati la Buluu alikuwa kwenye benchi la varanda, shati lenyewe limepauka. Hospitali walishamfukuza, sasa alikuwa kwenye zahanati ndogo.

"Kwa nini hukuikata plasta mwenyewe?" Msusi alimwuliza.

"Nilimwogopa daktari. Mkasi wa plasta ulikuwepo, nikamwogopa."

Msusi angetaka jibu jingine, lakini hilo lilikuwa la kweli. Akaketi, akavua glavu kwa meno, akauweka mkono kwenye goti la mwenzake.

"Hujawahi kuniuliza," alisema. "Niulize sasa."

Mwanamume akaushika kwa mikono miwili.

"Mkono wako ulipatwa na nini, mpenzi?"

"Ilikuwa Jumapili," alianza Msusi. "Nililia sana, na kulikuwa na mtu nyuma ya pazia. Sasa kaa unisikilize mpaka mwisho."

Na safari hii aliyekuwa nyuma ya pazia alikaa.