Komeo la Bunduki ya Jamaldine

Bachir alitumwa jambo jepesi: aende kwa mjane wa Jamaldine kabla ya magharibi, achague bunduki moja kati ya mbili, arudi nayo. Jambo jepesi kwa mwenye moyo safi. Wake ulikuwa mzito tangu alipovuka kizingiti.

Kisa chake kilijulikana kijiji kizima, huko kaskazini ya Mute. Mwezi uliopita, yeye na rafiki yake Jamaldine walikuwa wakilinda mihogo dhidi ya nguruwe pori. Bachir akafyatua, na aliyeanguka ni Jamaldine. Akaapa mbele ya watu: "Nilimwona nguruwe kwa macho yangu. Nilipomkaribia, akawa mtu."

Nani basi wa kumvisha mtu sura ya nguruwe, kama si mkewe? Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mdomo wa Bachir uliponza kichwa cha mwingine. Bunduki iliyoua ikatoswa baharini. Wazee wakakata shauri: Awa, mjane huyo, ni mchawi, kesho ahame, na nyumba yake imlipe Bachir bunduki.

Uongo mtupu. Hakuona nguruwe. Aliona majani yakitikisika.

Awa alitandika mkeka, akazilaza bunduki zote mbili. "Haya, shemeji. Fumba macho, kama desturi yenu."

Wawindaji wa huko hawachagui bunduki kwa sura. Hufumba macho, wakalivuta komeo, kile chuma kinachopeleka risasi ndani, wakalirudisha, mkono ukaamua. Komeo zuri halimshtui mnyama, wala halikwami unapotaka risasi ya pili.

La kwanza lilikwaruza. Kra... kra. Kama limekula mchanga.

La pili...

La pili lilifunguka kabla hajalivuta sawasawa. Laini. Halikutoa sauti ila pumzi ndogo. Alipolisukuma, likautangulia mkono wake. Bachir akatabasamu, Mungu amsamehe. Mwindaji ni mwindaji. Akalivuta tena.

Ndipo alipohisi vidole juu ya vidole vyake.

Vya baridi. Vyenye unyevu wa udongo.

Harufu ya damu mbichi ikamjaa puani. Akafumbua macho. Hapakuwa na mtu ila Awa, kule ukutani. Akaondoa mkono haraka.

Komeo likaendelea. Mbele... nyuma. Mbele... nyuma.

"Hiyo haijafunguka tangu azikwe," Awa alinong'ona. "Fundi kaigonga hata kwa nyundo, ikakataa."

Kisha ndani ya mtutu ukatoka mluzi. Mfupi, wa kupanda. Ni mluzi ambao wawindaji hupigiana gizani: ni mimi, usipige.

Awa alijishika kifua. "Huo mluzi wake... Shemeji, usiku ule aliupiga? Ulimsikia?"

Bachir alikuwa ameusikia wazi kabisa. Lakini kidole kilikuwa kimeshakaza, na uchu wa kuangusha nguruwe wa kwanza ulimzidi. Pengine ni ndege, alijiambia, akafyatua.

"Sikusikia kitu," alisema.

Komeo likasimama. Bachir akainyakua ile ya kukwaruza, akatoka bila kuaga.

Kulipokucha, bunduki ile ya pili haikuonekana nyumbani kwa Awa, wala katika mizigo yake. Kaka yake alikuwa amekuja na pikipiki kumpeleka Quiterajo. Watu walijipanga barabarani. Wanawake aliowahi kuwauguzia watoto wao walimtemea mate. Awa alipofika mbele ya Bachir, akasimama. Akamtazama, akangoja.

Bachir alijua kuwa neno lake moja lingemrudisha mama huyu nyumbani kwake. Aliingoja ile baridi ya vidole impande mwilini, walau apate wa kumsingizia. Haikuja. Jua lilikuwa limeshatoka, na kwa jirani mihogo ilikuwa ikichemka. Hapakuwa na jini wala pepo aliyemziba kinywa.

"Safari njema, shemeji," alisema.