Simu ya Tirinyi

Siku Ibra alipokosa kupiga simu kutoka Tirinyi, dada yake Twaibah alikuwa sokoni Mbale, akimpimia mteja kitenge. Ibra alikuwa na desturi. Akitoka Jinja na gari lake kuukuu aina ya Corona, alipiga akifika Iganga, kisha Tirinyi, injini ikinguruma, ili mama yao asikie kwamba yu salama. Siku ile ilifika simu ya Iganga tu. Lori lilimgonga likamuua penye kinamasi cha Mpologoma, kabla ya Tirinyi.

Mwaka ulipopita, Twaibah alikwenda Jinja kuuza kitu pekee kilichotoka kizima garini: usukani mwembamba wa ngozi nyeusi. Katikati ya boda boda za Main Street, akiwa na gauni la manjano na mtandio mweupe, alisimamishwa na kijana wa ovaroli lenye madoa ya grisi.

"Dada, huo unauzwa?"

"Kwani wewe polisi?"

"Mimi Faraj, fundi. Huo ni usukani wa mashindano ya magari. Njoo uone kitu."

Gereji yake ilikuwa na televisheni nene na kanda za video za marehemu baba yake, alizoachiwa na injinia Mjapani. Twaibah aliiona Corona, gari la aina ile ile inayobeba abiria na kuku Mbale, limepakwa nyekundu na nyeupe, likikimbia Japani miaka ya tisini, milango ikigusana na ya wenzake. Ibra alikuwa amemsimulia mashindano hayo mara nyingi, naye akamcheka. Sasa akalia.

Usukani hakuuuza. Aliuacha ufungwe kwenye Corona ya Faraj.

Simu zikaanza.

"Bwana Corona, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Injini ndiyo ina njaa."

"Ukija huku, piga Iganga. Piga na Tirinyi. Usinichezee hapo."

"Nimesikia, afande."

Jumamosi Faraj alipokuja kujitambulisha kwa mama, alipiga kutoka Iganga saa tisa. Saa kumi ikapita. Twaibah akampigia, simu imezimwa. Saa kumi na moja. Mama alikaa mkekani na tasbihi, haivuti, anatazama simu tu.

Kisha ngurumo ya injini ikasikika mtaani kwao Namatala, na Faraj akashuka, kanzu nyeupe, mfuko wa sukari mkononi.

"Mbona hukupiga?" Twaibah alimshika kifuani, akamsukuma.

"Niliona nikikupigia kutoka pale nitakurudisha siku ile. Nikazima simu, nisije nikashindwa kujizuia. Nilikwenda polepole. Nilisimama kinamasini nikamwombea Ibra."

"Nimekuzika leo, Faraj. Nimekuzika, mama akinitazama."

Faraj aliweka sukari chini. "Basi gari naliuza. Nikuoe nikiwa mtu wa miguu."

Twaibah alichungulia dirishani mwa gari. Ngozi ya usukani ilikuwa imelika pale kidole gumba cha Ibra kilipokuwa kikikaa.

"Usiliuze. Lakini mimi kusubiri simu, basi. Kiti cha kushoto ni changu."

"Na mimi," mama aliuliza kutoka mlangoni, "mnaniacha na nani?"

Walifunga ndoa mwezi wa nne. Wakija Mbale, Faraj husimamisha gari Tirinyi bila kuzima injini, na Twaibah humpigia mama.